Bi Pimbi na Viazi Visivyogawika

Hapo zamani za kale, fisi alipokuwa bado anaoga kila Ijumaa, Bi Pimbi alilima shamba la viazi vitamu pamoja na Nyati na Fisi. Alilima yeye, jamani! Wale wawili walileta matumbo yao tu, siku ya kuvuna.

"Elfu moja na kumi!" Fisi akatangaza alipomaliza kuhesabu. "Kesho tunagawa, Nyati. Nusu yako, nusu yangu."

"Na mimi, shemeji?" akauliza Bi Pimbi. "Wanangu wanalalia maji."

"Hii-hii-hii! Wewe una fungu la kukosa. Rudi kwenye mawe yako!"

Neno lile lilimchoma. Akarudi kweli kwenye mawe yake, lakini hakulia. Alihesabu kokoto elfu moja na kumi, akazigawa, zikagawika. Akatoa moja, akagawa tena. Mbili mbili, ikabaki moja. Saba saba, ikabaki moja. Kumi na tatu, zikabaki nane. Vidole vilichubuka, naye hakuacha mpaka akawa na hakika.

Kesho yake aliwahi shambani, akakalia kiazi kimoja na kutandaza kanga.

"Mbona huinuki kutuamkia?" akanguruma Nyati.

"Mniwie radhi, shemeji zangu, magoti yananiuma. Nina neno moja tu. Pangeni mafungu yoyote, mradi yawe sawa na kisibaki kiazi. Mkiweza, chukueni vyote. Jua likizama hamjaweza, vyote vyangu. Ila fungu la kiazi kimoja si fungu, na rundo zima si mgawo. Wala hakuna kula kabla ya kugawa!"

Fisi akashika mbavu. "Hesabu kubwa hivi ikose mafungu? Tunaapa!"

Wakaapa, wakaanza. Viwili viwili, kikabaki kimoja. Vitatu vitatu, kimoja! Vitano vitano, vinne! Fisi alivitazama vile vinne, akameza mate, gudu!

"Umeapa, shemeji," akasema Bi Pimbi.

Wakavuruga, wakapanga upya. Jasho likamtoka Nyati, chururu! Sita sita, tisa tisa, kumi na moja... wapi! Jua likazama.

"Uchawi huu!" Nyati akalia, akaanguka chini, puu!

Watoto wa Bi Pimbi wakaja mbio, wakabeba, wakabeba, mpaka shamba likabaki udongo mtupu. Ndipo mama yao akainuka. Kiazi hicho hapo!

"Mwizi!" akabweka Fisi.

"Mwizi wa jasho langu? Kingekuwa pale na wenzake, mngegawana kabla ya chai."

"Sasa sisi tule nini?"

Bi Pimbi akakifunga kiazi kwenye pindo la kanga. "Ninyi? Si mna fungu la kukosa!"

Basi, wanangu, msimwambie mwenzenu ana fungu la kukosa kabla hamjaona alichokalia.