Mama wa Kilabu na Vitambaa Vyekundu

Nimesema mara ngapi sipendi kusimulia habari hii? Lakini nyinyi kundi la ukoo mkishika jambo hamliachi. Eti mwenye duka wenu kaweka mabaunsa mlangoni, wanapima watu joto na kusukuma vikongwe, nusu yenu mnampigia makofi na nusu mnamtukana, halafu wote mnaniuliza mimi niliyeishia darasa la pili. Haya. Someni mpaka mwisho, msirukeruke, kisha mpelekeeni na yeye.

Palikuwa na mwanamke mmoja huku mlimani, jina lake Aikande, tuliyemwita Mama Elifuraha kwa jina la mwanawe. Alikuwa na kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Si kibanda cha kuegemea ukuta. Kilabu hasa, chenye mabenchi, paa la bati na mapipa yasiyokauka. Elifuraha, mwanawe wa pekee, alifanya kazi mbali. Nyumbani alibaki na mumewe Saria, mtu wa maneno mengi na mwili kidogo, ambaye wateja walimpenda kuliko pombe yenyewe.

Kilabu kile ndicho kilichomsomesha mtoto na kuezeka nyumba. Aikande alikipenda kama wengine wanavyopenda dini.

Mwaka huo kipindupindu kikapanda mlima. Vilabu vikafungwa kimoja kimoja. Bwana afya akaja kwa Aikande na baiskeli yake, akaketi, akakataa hata maji.

"Mama Elifuraha, sitaki kukufungia. Weka ndoo yenye koki, weka sabuni, kila mtu awe na kikombe chake. Kata moja kwa vinywa vyote, marufuku. Na wewe usionje."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Huku kwetu anayeuza mbege hupiga funda la kwanza mbele ya mnywaji. Asipoonja, ametia kitu. Ndivyo tulivyolelewa, na msitucheke. Babu zetu hawakuzikwa wote kwa homa.

"Nisipoonja watasema nataka kuwaua," alisema Aikande.

"Ukionja utawaua kweli," alijibu bwana afya.

Aikande hakuwa mjinga. Akakubali.

Siku ya kwanza wateja walishika vikombe vyao wakavitazama tu. Mzee Tesha, ambaye alikuwa akinywa pale tangu enzi za mama mkwe wa Aikande, akachungulia chake kama mtu anayetafuta nzi.

"Mama, hii ni mbege au dawa ya panya? Mbona mwenyewe unaiogopa?"

Watu wakacheka.

"Ni amri ya afya, mzee wangu."

"Amri haina tumbo. Mimi ninalo."

Aikande akasimama na mwiko wake katikati ya kilabu. "Asiyetaka akanywe mtoni! Huko ndiko kipindupindu kinakokaa, mtakutana."

Baadhi wakainuka, wakaenda kukaa mabenchi ya nyuma, kwenye migomba. Saria akawafuata na mtungi, akitania huyu na yule. Haukupita muda, Aikande akasikia vicheko vya watu wanaokunywa. Akajisemea moyoni: wamenitii.

Na mtu akishaonja kutiiwa, kiu yake haiishi.

Alianza na mikono. Kila mtu anawe mbele ya macho yake. Hapo alifanya vema, na nani angemlaumu? Kisha akaanza kukagua kucha. Kisha akawa ananusa viganja. Kisha akakaa kwenye kigoda mlangoni, akawa anamuuliza kila anayeingia, kwa sauti, watu wote wakisikia:

"Leo umekwenda choo mara ngapi?"

"Ala! Hilo hata mke wangu haniulizi," alisema mzee Tesha.

"Ndiyo maana hakujui. Mara ngapi?"

"Moja."

Kila mtu alijibu moja. Kwa hesabu ya Aikande, mlima mzima ulikuwa na matumbo ya malaika.

Halafu vikaja vitambaa. Jirani yake alikuwa mjane anayeitwa Mkunde, muuza maziwa, mwenye mtoto anayeota meno. Mtoto akaharisha, kama waotao meno wote. Aikande akasikia. Akachana kanga kuukuu nyekundu, akaenda akafunga kipande langoni kwa Mkunde, akarudi kutangaza kilabuni: penye kitambaa, hakuna wa kukanyaga kwangu, na atakayenunua kitu kwao naye asikanyage.

Mkunde akaja amembeba mtoto, akasimama mbali na mlango.

"Mama Elifuraha, ni meno. Njoo umtazame ufizi."

"Mimi sikusomea meno."

"Maziwa yangu yanaganda, hakuna anayenunua. Nitakula nini?"

"Si una maziwa? Kunywa."

Mkunde hakulia. Aligeuka akaenda zake, na waliokuwa kwenye mabenchi wakayatazama mavumbi ya miguu yao.

Bwana afya akasikia, akaja tena na baiskeli, safari hii hakuketi.

"Mama, nilikuomba sabuni, sikukuomba uaskari. Anayeharisha mzuie asiingie, hiyo ni haki yako, nami niko nyuma yako. Kisha mnong'oneze aje kambini kwangu. Nina dripu, nina maji ya chumvi na sukari, wanapona. Lakini ukimtangaza, haji. Atajificha."

"Kwangu hajaugua mtu hata mmoja."

"Kwako hajasema mtu hata mmoja. Hayo ni mawili."

Aikande akamwonyesha njia.

Jioni hiyo Saria alimkuta mkewe anachana kanga nyingine.

"Mama Elifuraha, wewe unauza mbege au unatawala?"

"Kwani nikifanya yote mawili kuna ubaya gani?"

Saria akafungua mdomo kama mwenye neno zito. Akaufunga. Mtu yule hakuwa na kawaida ya kufunga mdomo, lakini Aikande alikuwa ameshikilia kanga kwa meno, anachana, hakumtazama.

Vitambaa vikaenea. Ukitembea njiani uliviona kwenye malango, huyu kwa kikohozi, yule kwa kutapika baada ya kula parachichi bovu. Watu wakajifunza kuugua kimyakimya. Walichimba vyoo vipya ndani ya migomba, mbali na macho. Walifua usiku. Mwenye kuumwa tumbo alikwenda kilabuni mapema kuliko wote, akacheka kuliko wote, ili aonekane mzima.

Ikafika posa ya binti wa mzee Tesha. Posa bila mbege huku kwetu si posa, na kilabu kilichobaki wazi kilikuwa kimoja. Aikande akapika mapipa mengi kuliko alivyowahi kupika maishani. Asubuhi ya siku yenyewe, Saria akaenda chooni, hakurudi.

Aikande alimkuta ameegemea mgomba. Macho yalikuwa yamezama, na yaliyomtoka yalikuwa meupe kama maji ya mchele. Aikande aliyajua. Alikuwa amewaeleza wateja wake habari za maji hayo kila siku.

"Nipeleke kambini," alisema Saria.

"Kambini ni kupita njia kuu. Watakuona."

"Si wanione?"

"Wakikuona kilabu kinafungwa. Mbege ya watu iko kwenye mapipa, wakwe wa Tesha wako njiani. Hao niliowafungia vitambaa watakuja kucheza ngoma langoni kwangu!"

"Aikande." Hakuwa amemwita hivyo tangu mtoto azaliwe. "Miguu inanikaza."

"Kesho. Posa ya watu ipite, kesho alfajiri nakupeleka mwenyewe. Leo kunywa chai ya rangi."

Akamlaza chumba cha ndani, akafunga mlango kwa ufunguo. Wateja walipomuuliza, akasema amekwenda kumwona kaka yake. Akarudi kwenye kigoda chake. Akakagua kucha. Akauliza, mara ngapi? Wakajibu, moja.

Kila alipoingia kumtazama, Saria alikuwa mdogo kuliko alivyomwacha. Kipindupindu humla mtu kama maji yanavyokula sabuni. Mchana bado aliomba kambi kwa maneno. Baadaye aliomba kwa mkono. Wakwe wa Tesha walipokuwa wanaimba wimbo wa kuagana, Aikande aliingia akakuta haombi tena.

Kifo hakifichiki kama ugonjwa. Watu wa afya wakaja na mabomba ya dawa migongoni, wakapulizia kuta, wakapulizia mabenchi, wakaimwaga mbege yote shimoni. Wakamtia Saria ndani ya nailoni.

"Mtamzika hapa," alisema Aikande. "Kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo wake, chini ya migomba yake."

"Hapana, mama. Mfereji wa maji unapita hapa," alisema bwana afya, bila ukali wowote. "Anakwenda kwenye uwanja wa halmashauri pamoja na wenzake. Na nyinyi hamfuati."

Wakaondoka naye. Majirani walikuwa wamesimama ng'ambo ya njia, hakuna aliyevuka. Aikande akawatokea, kichwa wazi, akawapigia kelele.

"Nani? Nani kaingia kwangu na tumbo bovu akanidanganya? Ajitokeze!"

Mzee Tesha akavua kofia.

"Mimi."

Aikande akamtazama kama hamjui.

"Nilikuwa naharisha kabla ya posa," alisema mzee. "Kidogo kidogo tu, nikasema itapita, na imepita. Ningekwambia, ungefunga kitambaa langoni kwangu na wakwe wangegeuza njia. Ulipouliza mara ngapi, nikakwambia moja."

"Lakini ulikunywa kwa kikombe chako! Nilikichemsha kwa mkono wangu huu!"

"Kikombe kilikuwa changu, mama. Funda la kwanza lilikuwa la mumeo."

Aikande hakuelewa. Ikabidi mzee amweleze polepole, kama anavyoelezwa mtoto.

"Ulidhani tulikubali mbege isiyoonjwa? Siku ile ya kwanza tulihamia nyuma tukiwa tunaondoka zetu. Saria akatufuata. Akasema, 'Ndugu zangu, msimwaibishe mke wangu, kilabu hiki ndicho roho yake. Leteni niwaonjee mimi.' Akaonja kikombe cha kila mmoja, na kila kilipojazwa tena akakionja tena. Na kesho yake hivyo hivyo, na siku zote. Kama si mdomo wa Saria, kilabu chako kingekufa siku ile."

"Na mkanyamaza? Wote hamkupata mmoja wa kuniambia?"

"Nani akuambie?" Aliyesema ni Mkunde, huko nyuma ya wote, mtoto yuko mgongoni ananyonya kidole. "Mimi nilikuja kukwambia ukweli mlangoni kwako. Ulinijibu nini?"



Wazee wakakaa, wakamtaka azunguke na jani la sale. Kwa msiolijua, ni jani la kuombea radhi. Ukiletewa, hata kama uliuliwa ng'ombe, husemi hapana. Aikande akazunguka kwa miguu, lango kwa lango, akafungua vile vitambaa kwa mikono yake na kuacha jani. Kila nyumba ikalipokea. Mkunde naye akalipokea.

"Nimekusamehe kwa kuwa sale halikataliwi," alimwambia. "Sasa ondoka, nakamua."

Kilabu hakikufunguliwa tena. Lakini hayo bado yalikuwa malipo madogo.

Elifuraha alifika mvua zilipokwisha, barua ilipomfikia huko aliko. Nanyi mnajua mila: mwanamume hulazwa kihambani mwake, na mwanawe hukishika kihamba kwa sababu baba yake yuko pale chini. Kijana alizunguka migomba yote, akarudi uani.

"Mama, baba mmemweka wapi?"

Aikande akamchukua, wakashuka hadi uwanja wa halmashauri. Wakakuta matuta, mengine juu ya mengine, yote yamemwagiwa chokaa, bila msalaba, bila kijiti.

"Ni lipi?"

Aikande akanyoosha mkono kulia. Akaurudisha. Akaunyoosha tena mahali pengine, akaushusha. Kijana akasubiri mpaka jua likawachoma wote wawili.

"Mama. Ni lipi?"

"Sijui, mwanangu."

Elifuraha hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alivua viatu, akakanyaga kati ya matuta yote akiyaamkia moja moja, maana hakujua baba ni yupi. Kisha akavaa viatu vyake na kushika njia ya stendi, hakulala nyumbani. Kihamba hakukirudia. Kiliota magugu Aikande akikitazama, mjane mwenye mwana aliye hai, na hana wa kumzika.

Funzo: Mwenye biashara, simamia maji, sabuni na vikombe bila kumwonea mtu haya, lakini siku utakapoanza kumwadhibu mgonjwa badala ya kumwelekeza kwenye dawa, watu watakudanganya mlangoni kwako, na uongo huo ndio utakaouingiza ugonjwa ndani.