Somo wa Mtoto wa Tusekile

Hapo zamani, lami ilipokuwa bado haijapanda milima yetu, palikuwa na hospitali yenye chumba kimoja cha upasuaji. Jenereta ilizimwa jua likizama, na aliyekuwa hajapasuliwa alirudishwa nyumbani na njaa yake.

Mzee Kapungu alikuwa na ugonjwa wa ngiri. Alirudishwa mara nyingi, hata mbwa wa njiani wakamzoea. Kila alipolazwa kwenye machela mlangoni, aliuliza: "Tunasubiri nini?"

Siku moja akaambiwa wanasubiri ndoo. Ndoo ya kupigia deki ilikaa stoo, ng'ambo ya uwanja, na mhudumu Sijaona aliifuata kila mgonjwa alipotoka. Sijaona akaona haya, akaihamishia ndoo mlangoni.

Mzee akarudishwa. Akaja tena. "Tunasubiri nini?"

Wanasubiri mkasi. Nesi Tumsifu alitafuta kifaa kimoja kimoja kabatini huku daktari amenyoosha mkono. Basi Tumsifu akaanza kuchemsha vifaa vya kila mgonjwa mapema na kuvifunga katika kitambaa kimoja.

Mzee akarudishwa. Akaja tena. "Tunasubiri nini?"

Wanasubiri daktari. Kila baada ya upasuaji, Daktari Atupele alikwenda kwake kunywa chai. Aliporudi na chembe za andazi ndevuni, mzee akamuuliza yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo daktari akaacha chai.

Hatimaye zamu ya Mzee Kapungu ikafika na jua bado lipo. Ndipo akaletwa Tusekile, mtoto amekwama tumboni. Mzee akalitazama jua, akashuka mwenyewe kwenye machela.

"Mpandisheni huyo."

Tusekile akapasuliwa. Akapata mtoto wa kiume, wote wazima. Alipopata fahamu akasema mtoto atapewa jina la aliyemwokolea muda, awe somo wake. Kwao mtoto hupewa jina moja tu.

Sijaona akasema jina ni lake, kwani bila ndoo yake Tusekile angelazwa juu ya damu ya mwenzake.

"Chumba kisafi hakimpasui mtu," akasema Tumsifu. "Bila vifaa vyangu mngemfungua kwa kucha?"

"Nyinyi mlihamisha vitu," akasema daktari. "Mimi niliacha chai. Na aliyeshika kisu ni nani?"

"Kisu ni kazi yako, dokta," akasema Sijaona. "Na chai yenyewe ulikuwa unainywa saa za kazi."

Wakabishana. Ndoo ilikuwa mlangoni. Kitambaa kingine kilikuwa kimeshafungwa. Chai hakuna. Jua likagusa mlima.

Mzee Kapungu, ambaye hakuwa amekula tangu jana, akainua kichwa.

"Nami nilitoa zamu yangu," akasema. "Lakini sasa tunasubiri nini?"

Walikuwa wanasubiri jina.

Basi semeni nyinyi mnaosikiliza, na semeni upesi, jenereta itazimwa: je, mtoto aitwe nani?