Bastola ya Nukta Nyekundu

Wahenga waliotuonya juu ya mkakasi walijua kwamba kuna vitu hupambwa ili vinunuliwe, si ili vitumike. Verna Tackett wa Kentucky aliyasahau hayo, na nusura ajute maisha yake yote.

Verna alikuwa amelinda gereza miaka kumi na mmoja. Sasa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, alikubali kumwajiri awe askari wake, mradi afaulu jaribio la shabaha kwa bastola yake mwenyewe. Katika duka la silaha la Delbert Combs alichagua bastola nyeusi, isiyo na mbwembwe yoyote.

"Weka hiyo chini, dada!" Delbert akaangua kicheko. "Hiyo ni ya wanagenzi. Tazama hii: ina tochi, ina kitufe cha usalama, na kioo hiki kinakuonyesha nukta nyekundu pale risasi itakapopiga. Kazi yako kufyatua tu!"

Verna akaingia mkenge, akainunua.

Jumamosi asubuhi filimbi ya jaribio ikalia. Akachomoa, akavuta kifyatulio. Kimya! Alikuwa amesahau kitufe cha usalama. Alipokibonyeza, akaitafuta nukta, wapi! Betri ya kioo ilikuwa imekwisha, kimezimika. Kufumba na kufumbua muda ukaisha, na karatasi ya shabaha ilikuwa nyeupe pepepe.

"Una nafasi moja tu, saa nane mchana," mkufunzi akamwambia. "Ukianguka tena, kazi huna."

Damu ikamchemka. Akaenda moja kwa moja dukani, akaibwaga karatasi mezani. Delbert alikuwa ameinama akifungua sanduku, fulana ikampanda mgongoni. Kiunoni alivaa bastola nyeusi, pacha wa ile aliyoicheka.

"Kumbe! Mwenyewe unavaa hii?"

"Dada, hii... haina matata."

"Haina matata! Mimi ndiye wa kuuziwa matata? Huna hata haya, Delbert! Kazi yangu inazama!"

"Zile zenye vikorombwezo haziondoki," Delbert akanung'unika, macho chini. "Nilitaka kuzimaliza."

"Ukanimaliza mimi! Nipe ile niliyoichagua, sasa hivi!"

Delbert akampa. Saa nane Verna alichomoa, akafyatua, na risasi arobaini na sita kati ya hamsini zikatoboa karatasi. Mkufunzi akampa mkono wa pongezi, lakini hasira hazikumtoka, na nani amlaumu? Alichekwa kwa kushika kilichomfaa, akapambiwa kilichokaribia kumnyima riziki. Hakika, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.