Nani Aliyemwokoa Kaimati?

Sogeeni, maana mwisho wa kisa hiki mimi sina. Nimekuja kuutafuta kwenu.

Bi Mwanate wa Siyu alikuwa na wajukuu watatu. Mwanakombo alikuwa na jicho: sindano ikianguka uani, yeye ndiye huiona. Fumo, fundi cherehani, alikuwa na mkono usiotetemeka. Rehema alikuwa na subira, tena ya kuudhi.

Bi Mwanate alikuwa pia na Kaimati, paka wa miaka kumi na sita aliyeachiwa na marehemu mumewe. Kila siku alimpa kichwa cha ng'onda, yule samaki mkavu aliyekolea chumvi, kwa mapenzi tu. Mapenzi nayo yana makosa yake.

Mwaka aliojaliwa nafasi ya kwenda Hija, paka akakonda. Bibi akasema haendi.

Mwanakombo akaona ndoo ya maji ya udhu inapungua kabla mtu hajatawadha. Kumbe Kaimati anakunywa kutwa! Akambeba hadi kwa daktari wa mifugo. Figo zimechoka, akaambiwa. Hazitapona, lakini kwa kuwa amewahi, zinaweza kusaidiwa.

Fumo akafundishwa kumtia maji ya dripu chini ya ngozi, kila baada ya siku moja. Wenzake walijaribu wakaambulia makucha. Kwake paka alisinzia.

Ng'onda ikapigwa marufuku, na paka mzee akagoma kula. Daktari akaonya kwamba asipokula, dripu ni kazi bure. Rehema akakipasha moto chakula alichoandikiwa, akamlambisha kidoleni, asubuhi mpaka jioni. Siku ya tatu Kaimati akalamba sahani.

Bibi akakubali kusafiri. Mlangoni akaweka nadhiri: "Nikirudi nikamkuta hai, tasbihi ya babu yenu ni ya aliyemwokoa."

Alirudi baada ya siku arobaini. Kaimati aliruka kutoka ukutani, akamjia mbio, mkia juu. Bibi alipiga vigelegele mpaka mtaa mzima ukatoka nje. Mimi nililia, wala sioni haya.

Kisha akaitoa tasbihi.

"Bila jicho langu, bibi, ungekuta kaburi," akasema Mwanakombo.

"Jicho halitii dripu," akajibu Fumo.

"Na dripu haishibishi," akasema Rehema.

Wote wamesema kweli. Nadhiri haivunjwi, na tasbihi haikatwi vipande vitatu. Haya, ungekuwa wewe Bi Mwanate, ungeiweka mkononi mwa nani?