Kanga Katika Chungu cha Nili

Acheni kununa, wanangu, nyinyi mliokunja vitambaa kwa makini na sasa mnashangaa mbona rangini vimetoka na madoa msiyoyataka. Hata kanga, yule ndege, yalimkuta hayo.

Zamani kanga alikuwa mweupe tupu, kichwa hadi mkia. Weupe huo ulimponza, kwa kuwa mwewe alimwona tangu huko juu, akajua na vifaranga wako wapi. Kati ya tisa wakabaki watatu. Hapo kanga akaenda kwa Bi Mwanakombo, mtia rangi, akamwomba amtie nili, ile rangi ya buluu iliyokolea, mwili mzima awe na giza la kichaka.

"Kung'uta mbawa, kisha ujitandaze chunguni," Bi Mwanakombo alimwambia. "Palipobanwa nili haiingii."

Sasa, mwaka ule ulikuwa wa njaa, na kanga alificha punje za mtama ndani ya manyoya, chakula cha wanawe. Mama gani angezikung'uta? Aliingia amejikunja, kabana mbawa kwa nguvu zote, shingo tu ndiyo aliyoinyoosha.

Alipotoka alikuwa kijani. Akajitazama, asielewe.

"Bibi, mimi niliomba nili."

"Ngoja upepo."

Upepo ukavuma, kijani kikageuka buluu, buluu ya manyoya ikaiva hadi kukaribia weusi, shingoni pasipo manyoya ikabaki buluu. Kanga akafurahi, akakunjua mbawa. Punje zikamwagika, na kila palipokuwa na punje pakabaki doa jeupe. Alilia huyo kanga. Akamlaumu Bi Mwanakombo, akajilaumu mwenyewe, mwisho hakujua amlaumu nani. Akaokota mtama wake, akarudi kichakani amekata tamaa.

Mwewe akaja. Akazunguka mara ya kwanza, akazunguka tena, na chini hakuona ila vidoa vya jua vikipenya majani. Kanga alikuwa palepale, kawafunika watoto. Mwewe akaenda zake na njaa yake.

Kanga akarudi mbio kwa Bi Mwanakombo. "Umeniharibu au umenitengeneza?"

"Mimi nilitia nili," alijibu yule bibi. "Hayo meupe umeyaweka wewe."

Kanga akazidi kuchanganyikiwa.

Na tangu siku hiyo ana shingo ya buluu na madoa mwili mzima, na hukimbia huku na huko akigeuza kichwa, akiuliza swali lilelile. Nasi watia rangi, mtu akitaka kujua kitambaa kilichokunjwa kitatokaje, humwambia akamuulize kanga. Haya, kunjueni na hivyo vilivyobaki.