Hori Ipi?

Palikuwa na mzee mmoja, ndugu zangu, aliyekuwa na hori mbili, zote amezichonga kwa gogo moja. Ya kwanza ilikuwa mtumbwi mdogo usio na tanga, wa kupigwa kafi tu. Ya pili ilikuwa zizini, ng'ombe wakila majani humo.

Binti yake alipiga kafi miaka tisa, akimvusha baba kwenda zahanati ng'ambo. Siku ya kufa, mzee aliwaambia wanawe wa kiume, "Hori mwachieni dada yenu."

Walipotoka makaburini, binti alishika kafi. Kaka mkubwa akamzuia.

"Hori yako ile pale zizini, dada."

"Na ng'ombe ni wetu," akadakia mdogo, akicheka.

"Kaka, baba nilimvusha kwa ile ya zizini?"

"Hori ni hori. Kamusi ipo, katazame."

Wazee wa ukoo walikuwapo. Kila mmoja aliinamia kikombe chake cha kahawa. Binti akajitwika hori ya ng'ombe kichwani, akaenda nayo kwake.

Ndugu wale wakauvuta mtumbwi mchangani, wakagombea nani awe mwenyewe. Kuumwagia maji usikauke, hakuna aliyekumbuka. Jua likaupasua.

Miezi minne baadaye, mke wa kaka mkubwa alishikwa na uchungu, mtoto akakwama. Kaka alisukuma mtumbwi majini, ukajaa papo hapo. Akakimbilia kwa dada yake, akidhani huenda alishapata mtumbwi mwingine.

"Dada, lete hori! Tuvushe, wifi yako anakufa!"

Binti alimpenda wifi yake. Lakini alinyoosha kidole uani.

"Hori mliyonipa ni ile, kaka. Nimvushe nayo?"

Wakambeba mgonjwa kitandani, binti naye kashika mguu mmoja wa kitanda, wakazunguka mikoko kwa miguu. Mama alipona. Mtoto alizaliwa njiani, hakulia.

Je, kaka yule hakujua maana ya neno? Alipopiga kelele "lete hori", alikuwa akifikiria majani ya ng'ombe?

Na sisi? Kila Krismasi tunasoma kwamba Mtoto alilazwa horini, na hakuna anayeuliza ni hori ipi. Tunaelewa. Ila tukiambiwa "mpe dada yako kilicho chake", ndipo tunapotafuta kamusi.

Yumo humu ndani aliyeiacha hori ya mwenzake juani. Unajijua. Usiningoje nimalize. Nenda kaimwagie maji, kisha uirudishe.