Gobore Lililoona Haya

Zamani zile, wanangu, kabla mbuni hajaambiwa kwamba haruki, na fisi alipokuwa bado ana sababu ya kucheka, kulikuwa na mwindaji katika misitu ya Unyamwezi akiitwa Lusonzo. Mwenye kujikuna ajikune sasa, maana nikianza sisimami.

Lusonzo alijivunia vitu viwili: mkewe Nyamizi, na gobore lake. Alipolipata, mtutu ulikuwa buluu. Buluu gani? Buluu ya shingo ya kanga! Ukiutazama unayaona meno yako. Akaliimbia njiani, akaliimbia nyumbani: "Buluu wangu, buluu wangu, nyati akikuona anaaga watoto!"

Ila alikuwa na tabia moja. Jioni, penye pombe ya mtama, aliushika mtutu kwa viganja viwili, akauegemea, akaanza kudanganya. Aliua sungura, akasimulia nyati. Aliua nyati, akasimulia ukoo mzima wa nyati. Jasho likatiririka mtutuni, mate ya uongo yakarukia mtutuni. Masika yakaja, kiangazi kikaja. Masika yakaja, kiangazi kikaja. Gobore likabadilika kidogo kidogo, na mwenyewe asione. Nani humwona anayelala naye akizeeka?

Basi Mtemi Kasunga akawaalika wawindaji wote. Desturi ya huko, hakuna kuingia kwa mtemi na silaha. Magobore yakaegemezwa langoni kama wakwe wanaosubiri kukaribishwa. Watu wakala, wakanywa, wakatoka. Lusonzo akanyoosha mkono, akachukua gobore la buluu, akaondoka akiimba.

"Baba Lusonzo!" akaita kijana mmoja, Kapufi. "Hilo ni langu!"

"Lako? Kaote ndevu kwanza! Nani hajui kwamba gobore la buluu ni la Lusonzo?"

"Lako ni lile pale, baba."

Langoni lilikuwa limebaki moja tu, mtutu wake mwekundu-mweusi, rangi ya zambarau lililokanyagwa.

"Lile? Lile ni la kusongea ugali!"

Kelele zikamtoa mtemi ndani. Na sheria, wanangu, ilikuwa kali: achukuaye silaha ya mwenzake haingii msituni tena. Atachunga kuku wa mtemi mpaka afe. Fikirini, Lusonzo mzima, kishh-kishh nyuma ya kuku!

"Lusonzo," akasema mtemi, "hebu tazama vizuri."

"Nimetazama, Mtemi! Kama lile ni langu, nitakula nyasi kama ng'ombe, hapa hapa, watu wote wakiona!"

"Nani kasema nyasi?"

Huyo ni Nyamizi, ametoka kupika na wanawake, mikono bado ina unga. Akalitwaa gobore lile kuukuu. Katikati, mti na chuma vilikuwa vimefungwa pamoja kwa ngozi ya kenge.

"Ngozi hii niliifunga mimi, ingali mbichi, mwaka ule mti ulipopasuka. Aliliangukia akimkimbia nyati."

"Nikimkimbiza!" Lusonzo akadakia.

"Akimkimbia. Mtemi, nipe kisu."

Akakata. Ngozi ikaanguka. Chini yake, lo! Buluu! Ukanda mwembamba, unang'aa, shingo ya kanga ile ile.

Watu wakasogea karibu. Lusonzo akatazama ukanda, akatazama gobore alilobeba, akalirudisha kwa Kapufi kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Sasa kwa nini kwingine kumegeuka?" akauliza mtemi.

"Chuma kina masikio, Mtemi. Miaka yote bwana huyu anakiegemea akidanganya. Yeye haoni haya, basi chuma kikaona kwa niaba yake, kikaiva uso. Penye ngozi hakikusikia."

"Na wizi huu?"

"Si mwizi huyu. Ni mume tu. Waume hawatazami." Akamgeukia. "Na mimi je? Nikitoka mvi utanikana langoni, ubebe mke wa Kapufi?"

Mtemi alicheka mpaka taji likaangukia pua. "Kuku nimekusamehe, Lusonzo. Nyasi, hapana."

Akala. Akatafuna, akameza, na mbuzi wa mtemi wakamwonea wivu.

Kesho yake, penye pombe, akaliegemea gobore lake kuukuu. "Leo nimeua nyati..." Jicho likaangukia ule ukanda wa buluu. Akakohoa. "Sungura," akasema. "Tena alikuwa mgonjwa."

Ndiyo maana hadi leo chuma cha buluu cha bunduki kikizeeka huiva wekundu. Mwalimu wenu atasema ni jasho na unyevu, eti hiyo buluu yenyewe ni ndugu yake kutu. Sawa, lakini mwalimu hakuwapo.

Nanyi kumbukeni: anayesifia chake kwa macho ya jana, atakikana leo mchana kweupe.

Kisa nimekishusha begani. Mwenye njaa aende jikoni. Mwenye swali, nyasi zipo nje.